Sura ya Saba: Samaki wa Feri na Samaki wa Mlangoni

Kwa nini nimpeleke mtoto makumbusho akatazame samaki wa mbao, ilhali samaki wenyewe wamejaa soko la Feri, Dar es Salaam? Na tembo wa kuchongwa ana faida gani kwake, wakati tembo wazima wanaonekana hata kutoka dirishani mwa basi linalokatiza hifadhi ya Mikumi? Wazazi huniuliza swali hili kwa namna mbalimbali, wengi wao wakiwa wameshakata tiketi, na mtoto kashamaliza ukumbi mzima kwa mbio na sasa anaulizia soda.

Swali ni la haki. Tumewazoesha watoto kupita makumbusho, hatujawazoesha kutazama. Safari ya shule ikifika, watoto mia moja hupangwa mstari, huambiwa wasiguse kitu, husimamishwa mbele ya fuvu, mkuki na mtumbwi, hunakili maandishi ya kibao kwenye daftari, kisha dereva hupiga honi. Wakirudi nyumbani wanaweza kukutajia mwaka. Ukiwauliza rangi, hawaijui.

Jibu langu ni fupi, maelezo yake ndiyo marefu. Samaki wa Feri humwonyesha mtoto samaki. Samaki wa mlangoni, yule aliyechongwa kwenye mbao, humwonyesha jinsi mtu mwingine alivyomtazama samaki: alichoona ni cha lazima, alichokiacha, na alichokibadilisha kwa makusudi. Mtoto akishalishtukia hilo mara moja, siku ya pili atasimama mbele ya meza ya muuza samaki na kuuliza mambo ambayo hakuwahi kuyauliza.

Tuelewane kwanza juu ya maneno mawili. Nikisema maumbile, nina maana ya kila kilichopo bila kutengenezwa na mkono wa mtu: wanyama, mimea, mawe, maji, udongo. Nikisema kazi ya sanaa, nina maana ya kitu chochote ambacho mtu amekifanya kwa ufundi ili kipendeze kukitazama, hata kama kina matumizi mengine: picha, kinyago, mlango wa nakshi, mkeka wa rangi, bakuli.

Maumbile yamo mara mbili

Wengi wetu tukiambiwa tutafute maumbile kwenye kazi ya sanaa, tunaangalia sura yake tu. Kuna ndege? Kuna mti? Kama hakuna, tunasonga mbele. Lakini kila kazi ina sura na ina mwili, na mara nyingi mwili ndio wenye habari nyingi zaidi. Mwili ni malighafi, yaani kile kilichotumika kuitengeneza.

Chukua kinyago cha Kimakonde cha mzee aliyejitwika kikapu. Kwenye sura yake huoni mnyama wala jani. Sasa mwambie mtoto achuchumae, aangalie chini karibu na kitako. Wachongaji wengine huacha pale utepe wa mbao iliyopauka, ya manjano, pembeni ya weusi wote ule. Mtoto atadhani ni rangi imebabuka. Si rangi, wala ule weusi si kiwi cha viatu (ingawa barabarani wapo wanaouza mbao nyingine iliyopakwa kiwi na kuiita mpingo). Mti wa mpingo una tabaka jepesi chini ya gome, na katikati una moyo mweusi, mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Ili moyo huo unenepe kufikia kuchongwa, mti unahitaji miongo ya miaka. Mti huohuo unaochongewa mzee na kikapu ndio unaotengenezewa zumari za Ulaya ziitwazo klarineti na oboe. Muulize mtoto: mti huu ulipokuwa mche, babu yako alikuwa na umri gani?

Ukiwa Kampala, Makumbusho ya Uganda yaliyopo Kamwokya yatakuonyesha mfano ulio bora zaidi: nguo ya gome ya Waganda. Huvuliwa kutoka kwenye mtuba, mti wa jamii ya mikuyu, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka ilainike, itanuke na kuwa na rangi ya udongo wa tofali. Mtoto akisikia hivyo atauliza kama mti ulikufa. Haukufa. Shina lililovuliwa hufunikwa kwa majani ya migomba ili lisikauke, na gome jipya huota. Mti mmoja huvunwa mara nyingi katika maisha yake. Hapo mtoto amejifunza kuhusu gome, jeraha na kupona kwa mti bila mtu kutamka neno biolojia, na kilichomfikisha huko ni kipande cha kitambaa kisicho na picha ya jani hata moja.

Pwani ya Kenya mambo ni rahisi zaidi, kwa sababu jengo lenyewe linaweza kuwa somo. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe na kuta zake ni za matumbawe. Matumbawe ni makao ya chokaa yaliyojengwa na viumbe wadogo sana wa baharini, kizazi juu ya kizazi. Mahali plasta ilipobanduka, mtoto ataona vitundu, nyota ndogondogo na mistari iliyojipanga. Ukuta huo uliwahi kuwa hai. Mafundi wa zamani wa Uswahilini walijua kuchagua: jiwe gumu la nchi kavu kwa ajili ya kuta, na tumbawe laini lililotolewa baharini kwa ajili ya nakshi za mihirabu na fremu za milango, maana hilo hukatika vizuri kabla halijakauka na kuwa gumu.

Kwa ufupi: mbele ya kila kazi kuna maswali mawili ya kuanzia. Kuna maumbile gani kwenye sura yake? Na mwili wake umetoka kwenye maumbile yapi?

Mlango mmoja, muda wa kutosha

Milango ya kuchonga ya Waswahili utaikuta Lamu, Mombasa, Zanzibar na Bagamoyo, mingine ikiwa makumbusho na mingine ikiendelea kufunguliwa na kufungwa na wenye nyumba. Ni kazi ninayoipendekeza kwanza kwa mtoto yeyote, kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: ni mikubwa, na sehemu yenye mambo mazuri iko chini, usawa wa macho yake. Watu wazima hutazama juu, kwenye kizingiti chenye tarehe na maandishi ya Kiarabu. Watoto huanzia chini, na chini ndiko samaki aliko.

Tuseme mama na binti wa miaka saba wamesimama mbele ya mlango wa namna hiyo.

“Mwanangu, unaona nini?”

“Maua.”

“Na nini tena?”

“Maua tu. Mengi.” Kimya kidogo. “Mama, kuna samaki! Yuko chini, anaelekea juu.”

“Umejuaje kama ni samaki?”

“Ana magamba. Na mkia, huu hapa.”

“Mapezi je?”

Binti anainama. “Hana. Na hapa mdomoni kwake kunatoka jani.”

Angalia mama huyu alichofanya, na alichojizuia kufanya. Hakusema “yule pale samaki.” Hakueleza samaki ana maana gani. Aliuliza, akasubiri, akauliza ushahidi. Kusubiri ndiko kugumu. Kimya cha mtoto hutufanya tujione kama hatufundishi.

Maswali ya aina hii hayakubuniwa na mama huyo peke yake. Nchini Marekani, mtafiti Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza elimu katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, walitengeneza njia ya kutazama picha na watoto inayotegemea maswali matatu tu. Kwa lugha yetu ni kama hivi: Hapa kunaendelea nini? Unaona kitu gani kinachokufanya useme hivyo? Tunaweza kuona nini zaidi? Walimu wa nchi nyingi huitumia. Swali la pili ndilo lenye nguvu, maana linamtoa mtoto kwenye kubahatisha na kumpeleka kwenye ushahidi, na linafaa mbele ya mlango, mbele ya kisamvu kilicholiwa na wadudu, na mbele ya anga inayotaka kunyesha.

Turudi kwa samaki asiye na mapezi. Ni samaki gani? Changu? Kolekole? Hakuna ajuaye, kwa sababu fundi hakuchonga changu wala kolekole. Alirahisisha. Kurahisisha, katika sanaa, ni kuacha sifa zote isipokuwa zile chache zinazotosha kukitambulisha kitu. Kwa fundi huyu zilitosha magamba, mkia na mwili uliochongoka. Mtoto anaweza kulijaribu hilo palepale kwenye daftari: mchore samaki kwa mistari mitano, sasa mitatu, akibaki na mmoja, bado ni samaki? Kitu cha mwisho anachokataa kukifuta ndicho anachoamini kinamfanya samaki awe samaki. Wanasayansi wanaopanga viumbe katika makundi hufanya kazi hiyohiyo kwa umakini zaidi.

Na lile jani linalotoka mdomoni? Kwenye milango mingi mmea huanzia chini ya miimo, yaani nguzo mbili za pembeni, ukapanda ukijiviringa mpaka juu. Mwambie mtoto aufuate kwa kidole hewani, bila kugusa mbao. Je, majani yanapishana, moja kulia moja kushoto, au yanatoka mawili kwa pamoja? Ni swali la mtaalamu wa mimea, na jibu liko mbele yake. Mkitoka nje, linganisheni na mwarobaini, mpera au mti wowote ulio karibu na geti.

Waongoza wageni watakuambia kuwa samaki ni alama ya wingi wa uzazi, mtende ni neema, mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Masimulizi hayo ni matamu, na hutofautiana kutoka mwongozaji hadi mwongozaji. Ninashauri yaje mwisho. Mtoto akishapewa maana, huacha kutazama. Anaona kazi imekwisha.

Chui au duma?

Mwaka 1968 hivi, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam kutafuta maisha, alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya mraba vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea, na leo mtindo huo unabeba jina lake. Picha zake zimeingia kwenye makumbusho mengi duniani, na za wafuasi wake zinauzwa mpaka viwanja vya ndege.

Watoto hupenda Tingatinga mara moja; hakuna haja ya kuwashawishi. Tatizo ni kwamba huzipenda haraka na kuondoka haraka. Ili wakae, wape kesi ya kuamua. Simameni mbele ya picha ya mnyama mwenye madoadoa, jamii ya paka, na uulize: huyu ni chui au duma?

Kabla ya kujibu wanahitaji kujua tofauti. Doa la chui si doa moja: ni madoa meusi yaliyojikusanya kuzunguka kiini cha kahawia. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, yaliyotengana, na kila upande wa uso ana mstari mweusi unaoteremka kutoka jichoni hadi pembeni mwa mdomo. Chui ni mnene mabegani; duma ana miguu mirefu na kiuno chembamba. Sasa warudi kwenye picha na kuamua. Mara nyingi watakuta mnyama ana mwili wa chui, madoa ya duma na macho ya mtu aliyeshtuka. Wataanza kubishana, na huo ubishi ndio uliowaleta makumbusho.

Usiseme mchoraji alikosea. Uliza kwa nini alichagua hivyo. Rangi ya aina hii ni nzito na inang'aa. Haitaki kufifishwa taratibu kutoka giza kwenda mwanga, inataka kukaa bapa, rangi kando ya rangi. Nukta inakaa vizuri juu yake: unapaka mwili, unasubiri ukauke, unadonoa. Halafu kuna umbo la ubao. Twiga hatoshi kwenye mraba, hivyo mchoraji hupinda shingo yake ikazunguka mgongo. Mtoto wa miaka tisa aliwahi kutazama picha kama hiyo na kutamka kwamba twiga wa kweli angevunjika. Hapo mlango wa somo lingine uko wazi: shingo ya twiga ina mifupa saba tu, sawa na ya mtoto mwenyewe. Tofauti ni kwamba kila mfupa wake ni mrefu sana.

Kwa namna hiyo kasoro ya picha, ukitaka kuiita kasoro, inafundisha anatomia kuliko picha sahihi ambayo mtoto angeipita bila swali.

Mtoto akiuliza kama tembo aliuawa

Kuna maswali ambayo mzazi angependa yasiulizwe. Makumbusho ya Lamu yana siwa mbili mashuhuri. Siwa ni baragumu kubwa la sherehe, hupulizwa kwa tundu la ubavuni, nayo ilisikika kwenye harusi za wakubwa na shughuli za watawala. Moja, ya Lamu, ni ya shaba. Nyingine, ya Pate, ni ya pembe za ndovu, imechongwa nakshi, na ni ndefu kumzidi mtu mzima.

Mtoto atauliza: walimuua tembo?

Mjibu ndiyo. Mweleze kwamba kile tunachokiita pembe ni jino la juu lililorefuka, na sehemu yake imezama ndani ya fuvu. Wapo wazazi wanaokwepa hapa kwa kusema “zamani wanyama walikuwa wengi.” Naona ni kumdharau mtoto. Kitu kinaweza kuwa kizuri na kikawa kimetokana na kifo. Mtoto anayekula kuku Ijumaa analijua hilo kuliko tunavyodhani. Anachohitaji ni kujua watu waliamua nini baadaye.

Habari hiyo ipo Nairobi. Uani mwa Makumbusho ya Taifa kuna sanamu ya ukubwa halisi ya tembo Ahmed wa Marsabit, aliyekuwa na pembe kubwa kupita kiasi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu Ahmed alindwe, na walinzi wakamfuata mchana na usiku. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee, si kwa risasi. Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe hadharani, na mwaka huohuo nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini zikaamua kupiga marufuku biashara ya pembe hizo kati ya nchi na nchi. Mwaka 2016 zikachomwa tena, tani 105.

Mtoto akisimama chini ya sanamu ya Ahmed anapata pia kitu ambacho picha ya kitabu haimpi: kipimo. Mwambie asimame kando ya mguu wa mbele. Kichwa chake kinafika wapi? Kisha mtafute, katika kumbi za ndani, tembo mwingine yeyote aliyechorwa au kuchongwa, na alinganishe. Nani amefanya masikio makubwa kupita kiasi? Nani amesahau kucha? Watoto ni wakaguzi wakali kuliko wahariri.

Ua na tunda kwenye karatasi moja

Kabla dunia haijamjua kwa simba wake Elsa, Joy Adamson alikuwa mchoraji wa maua ya Kenya. Kazi zake za rangi ya maji zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, pamoja na picha alizochora za watu wa makabila mbalimbali. Hapa tunakutana na sanaa iliyo kinyume cha Tingatinga: mchoro wa mimea, yaani picha iliyochorwa kwa usahihi kiasi cha kumwezesha mtaalamu kuutambua mmea bila kuuona.

Katika michoro ya aina hii, ya Adamson au ya mwingine, mpe mtoto kazi moja: atafute kitu ambacho hawezi kukiona shambani. Mara nyingi karatasi moja huwa na ua lililochanua, ua lililopasuliwa katikati, tunda na mbegu. Mwembe hutoa maua, na maembe huja miezi baadaye. Kwenye karatasi vyote vinakutana. Mchoraji amekunja msimu mzima kwenye ukurasa mmoja, na picha inayoonekana ya kweli kabisa kumbe nayo imepangwa.

Nyumbani, mtoto wa miaka minane na kuendelea anaweza kuufanyia hivyo mmea wowote wa bustani: leo achore jani, wiki ijayo ua, mwezi ujao tunda, kwenye karatasi ileile. Kunde zinafaa sana, hazimchoshi mtu kwa kusubiri.

Picha zisizo na jumba

Wazazi wa Dodoma na Singida wasijione wako mbali. Michoro ya mwambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, iko kwenye mapango yasiyo na kina, zaidi ya 150, na yanayofikika kirahisi yako karibu na kijiji cha Kolo. Pofu, twiga na tembo wamechorwa huko kwa wekundu uliotokana na udongo wenye madini ya chuma. Juu yao, mahali pengine, ipo michoro myeupe ya baadaye. Rangi, ukuta na wanyama vyote vilitoka palepale. Mpe mtoto kazi ya kutafuta nje, njiani, udongo wa rangi hiyo. Na mlinde asirushie maji michoro ili ing'ae. Wapo waliofanya hivyo, na maji huiharibu.

Siku yenyewe

Chini ya miaka mitano, mtoto anatafuta tu: nitafutie ndege, nitafutie kitu cha duara. Kati ya sita na tisa analinganisha. Akifika kumi anabishana, muache abishane. Mbali na hayo, kwa umri wowote, mambo haya machache yananisaidia kila mara:

- Chagueni kazi tatu, si ukumbi mzima. Mtoto achague mbili, wewe moja.
- Bebeni penseli na daftari. Kalamu ya wino hukatazwa sehemu nyingi, na ni haki, kwa sababu doa lake halitoki.
- Mchoro kwanza, simu baadaye. Aliyepiga picha anaona ameshamaliza kutazama.
- Eleza kwa nini haruhusiwi kugusa: jasho na mafuta ya vidole huchafua mbao na huharibu shaba. Halafu mpe cha kugusa nje, gome au jiwe la tumbawe lililookotwa.
- Usilolijua sema hulijui, kisha mkamuulize mhifadhi, yaani mtu aliyekabidhiwa kutunza vitu vya hapo. Wengi wao hukaa siku nzima bila kuulizwa chochote.
- Mtoto akichoka, tokeni.

Kwa walimu nina ombi moja. Andikeni barua mapema kwa ofisi ya elimu ya makumbusho mnayokwenda, mkiomba darasa ligawanywe vikundi vidogo, kila kikundi kikae na kitu kimoja. Kibao kisinakiliwe, maandishi yake yatakuwepo hata kesho. Watoto warudi na michoro, hata ikiwa mibaya, na kila mchoro uwe na swali moja lililoandikwa chini yake kwa mkono wa mtoto mwenyewe.

Na kama mji wenu hauna makumbusho, msisubiri yajengwe. Fungueni kabati, toeni kanga ya mama, itandazeni sakafuni, mtafute korosho.